Nyasi za Jumamosi na Kibuyu cha Chiriku

Chiriku niliachiwa na jirani aliyehamishwa kikazi. Alikuwa na banda la waya nyuma ya nyumba yake hapa Kibeta, akaniambia, "Dada, wachukue, mama yako apate cha kutazama." Nilikubali upesi, maana mama alikuwa ananitesa. Baada ya kumzika baba nilimtoa kijijini kwetu Kimwani karibu kwa nguvu nikamleta kwangu Bukoba mjini, na tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, wimbo ulikuwa mmoja: "Nirudishe nyumbani." Nimwache mwanamke mwenye magoti mabovu peke yake migombani? Nilisema haendi, na mimi nikisema nimesema.

Banda likahamia kwetu na ndege wawili, dume na jike, midomo myekundu kama pilipili. "Wamefungiwa kama mimi," mama alisema, akawapa mgongo. Jioni nikakuta amewatundikia kibuyu cha baba cha kunywea rubisi, pombe ya ndizi, kile kilichopasuka ubavuni. Hata sikujua kama alikuja nacho. Dume akaingia, akachungulia, akatoka kumwita mkewe. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, nikajiambia: haya, vifaranga wakitoka tu, atasahau Kimwani.

Mayai yakatagwa, na mama akawa mlinzi wa zamu. Aliniripotia kila nilipotoka kazini: jike amelalia, dume anakula, sasa dume ameingia, jike ametoka kunyoosha mabawa, giza likiingia wote wawili wamo ndani. "Huyu mwanamume ana adabu," alisema. "Hasubiri kuitwa."

Lakini hakuna kilichoanguliwa. Majuma yakapita, mama akaanza kurudisha sahani na ndizi zake. "Hata ndege kwenu hawazai," aliniambia siku moja. Hilo "kwenu" lilinichoma. Nyumba niliyomjengea chumba chake, ndiyo kwenu?

Tulikuwa na ugomvi mwingine pia. Sebuleni nimeweka marumaru, jasho langu. Mama kila Jumamosi alizifunika kwa nyasi mbichi, kama tulivyolelewa huko kijijini, ili Jumapili watu wakitoka kanisani wasikute nyumba iko uchi. Nilifoka: utateleza, utavunjika kiuno! Alinitazama kama mtoto asiyefunzwa, akaendelea kutandaza.

Mwishowe nilikiteremsha kibuyu nikidhani sisimizi wamekula mayai. Nikaanza kuchomoa. Nyasi, chini yake mayai ya baridi, chini yake nyasi tena, na mayai mengine tena, meupe, madogo kama maharage.

"Mama, hizi nyasi zimetoka wapi?"

"Mimi niliwapa. Kila Jumamosi. Nao si wana Jumapili yao?"

Hapo nikaelewa. Chiriku akiona nyasi hujenga tu, hajui kuacha. Walitaga, wakaletewa nyasi, wakajenga juu ya mayai yao wenyewe, wakataga tena, wakafukia tena. Nilipomweleza, mama alishika mdomo. "Mawe nyowe!" akalia kwa Kihaya. "Nimewazika kwa kuwakirimu!" Akaketi chini kwenye simenti ya uani na magoti yake yale. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali kuhusu nyasi, nikayaacha, nikaketi kando yake.

"Yaliyopita si ndwele, mama," nikasema.

Tulisafisha kibuyu, tukawapa konzi moja ya nyasi, basi. Jumamosi iliyofuata hata sebule yangu haikuona jani. Mama alikaa amekunja mikono kana kwamba imefungwa kamba. Ndege wakajenga, wakataga, wakapokezana, na asubuhi moja mama akaniita kwa sauti ya nyumba inayoungua. Tulitega sikio kwenye kibuyu. Mlikuwa na kelele nyembamba mle ndani.

"Haya," nikasema, nimejaa furaha. "Umeridhika?"

"Nimeridhika. Sasa nipeleke Kimwani."

Nilipandwa na hasira. "Baada ya yote haya? Kuna nini kule? Nyumba tupu!"

"Ndiyo hiyo tupu," alisema taratibu. "Mwanangu, yai likiachwa linapoa. Kibanja chetu cha migomba nacho hivyo hivyo. Nilipolazwa hospitali mimi, baba yako alikaa akakitunza. Sasa yeye amelala pale mgombani, ni zamu yangu. Na wewe unanikirimu, unanikirimu, mpaka unanifukia."

Nililia mbele yake, sikuficha.

Jumamosi nikampeleka, kibuyu nikabaki nacho mimi kwa sababu ya vifaranga. Nilipofungua mlango wa nyumba ya Kimwani, alisimama kizingitini akakataa kuingia. "Iko uchi," alisema. "Kata nyasi."

Nikaenda kukata. Nikatandaza sebule nzima, mpaka ile kona aliyozoea kuketi baba, ndipo akaingia.