Mota Ilizunguka, Nyota Ikagoma

Jamani, mmeshawahi kuona kitu kinazunguka halafu hakiendi popote?

Mimi nilikiona kwa macho yangu, kibarazani kwangu.

Mota inanguruma. Namba kwenye kompyuta zinapanda, zinashuka. Lakini nyota ndani ya darubini iko vilevile, imevimba, duara lenye tundu katikati kama kifungo cha koti.

Nikasema basi, nimerogwa.

Mimi ni fundi kompyuta, mtaani wananiita Bwana Mwezini. Darubini yangu, ili picha ionekane wazi, inasogeza kioo kizima cha ndani kwa kishikizo cha kuzungusha kilichoko nyuma. Ukikishika kwa mkono, picha yote inatikisika. Ndiyo maana nikakifungia mota, kompyuta itafute yenyewe mahali nyota inapokuwa ndogo kabisa.

Wiki tatu nahangaika. Mara inatii, mara inagoma. Na wiki tatu hizo darubini na meza yake vimekalia kibaraza, mahali mke wangu anaposhonea.

Jioni hiyo akanijia juu. "Baba watoto, leo ndiyo mwisho. Isipokubali, anayeitaka aje aichukue. Wateja wangu wanapimiwa nguo jikoni!"

"Sawa," nikajibu kwa kiburi. "Leo utaniomba radhi."

Weee!

Saa mbili, imegoma. Nikabadilisha waya. Saa tatu, imegoma. Nikafungua mota, nikaifunga upya. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Wingu nalo hilo linajongea. Roho juujuu.

Mke wangu akatoka, akasimama nyuma yangu. Kisha akasema, "Inapogeuza ndipo inapokosea."

"Nini?"

"Ikigeuza upande, mota inazunguka bure kwanza. Sikiliza mlio."

Nikasikiliza. Kweli bwana! Skrubu inayosukuma kioo ilikuwa imelegea kidogo. Mota ikigeuza inamaliza ule ulegevu tu, kioo kimetulia palepale, na kompyuta inahesabu hatua ambazo hazijapigwa.

"Cherehani yangu imelegea hivyohivyo," akasema. "Nikitaka sindano ikae ninapotaka, gurudumu nalimalizia kuja kwangu tu. Nikipitiliza, narudi nyuma sana, halafu nakuja tena."

Nikaiagiza kompyuta vivyo hivyo. Ikitaka kurudi, irudi kupita kiasi, kisha imalizie upande uleule, ule unaosukuma kioo juu, kisije kikateleza kwa uzito wake.

Nikabonyeza.

Nyota ikasinyaa. Ikasinyaa. Ikawa ncha ya sindano.

Nikajaribu mara tano. Zote tano ikakubali! Nilifurahi hadi nikagonga meza kwa goti.

"Umeligundua lini hili?" nikamuuliza.

"Wiki ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikwambia. Ukanijibu, 'Mama watoto, hii siyo cherehani.'"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimelisema huku nacheka, bila hata kugeuza shingo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Asubuhi niliibeba darubini mwenyewe, na meza yake, hadi nyuma ya nyumba karibu na kamba ya kuanikia nguo. Cherehani ikarudi kibarazani. Hakuna aliyenifukuza, darubini ilikuwa imeshapona, ila aibu yangu ilikuwa haijapona.

Mwenzangu unayepigana na mota, kabla hujafungua skrubu hata moja, kumbuka kwanza ni nani nyumbani mwako alishakwambia, ukamcheka.