Zamzam ya Mkomamanga

Nikimenya komamanga, harufu ya ganda lake hunirudisha Taif. Tulitoka Jeddah, tukapanda milima hadi kwenye ukungu, kutazama majani yakigeuka manjano. Bibi, mzaliwa wa Unguja, akashuka garini, akaushika mkomamanga uliokuwa ukipukutika. Kwao mti ukiwa hivyo unaumwa.

"Masikini, una kiu huu."

"Hauna kiu, mama," akasema baba, hodari wa kusahihisha watu. "Ni majira tu. Utachipua."

Bibi akafungua chupa ya zamzam, maji matakatifu ya Makka, tuliyomchukulia kwa ajili ya kifua chake, akaimimina yote shinani, huku akiomba dua. Majani yakamwangukia mtandioni, hakuyapangusa.

Tuliporudi majira ya machipuko, mkomamanga ulikuwa kijani kitupu. Kwenye kiti cha mbele, alichokalia marehemu bibi safari ile, nilikaa mimi.