Niliandika Kitabu cha Mwenzangu, Baba Akabaki Ananisubiri

Nianze kwa kukiri kwamba kosa ni langu. Nimesalitiwa, ndiyo, na hadi leo moyo unaniuma, ila aliyemfungulia mlango msaliti ni mie mwenyewe. Naombeni mnisome mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mie ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, karani wa masijala kwenye ofisi moja hapa Dar. Naishi Tabata na mke wangu na watoto wawili. Sikusoma sana, lakini kuandika naweza. Tangu shule insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa, na hata ofisini barua ikiwa ngumu huwa inaletwa mezani kwangu.

Pale ofisini kuna braza mmoja, nitamwita Deus. Ni mkubwa wangu kwa cheo na kwa umri, na kuongea anajua. Kila Jumamosi alikuwa anakusanya watu kwenye ukumbi mdogo Kinondoni, anatufundisha falsafa ya Wastoa, wale watu wa kale wa Ugiriki na Roma. Zaidi alipenda waliyoyasema kuhusu muda: kwamba mtu ana siku yake ya leo tu, na wengi wetu tunaigawa ovyo kwa kila anayepita.

"Mtu akikuomba simu yako, unamuuliza anataka kumpigia nani," alikuwa anatuambia. "Akikuomba Jumamosi yako unampa hivihivi, wala huulizi ya nini."

Mie nilinasa hapohapo. Nikaacha kukaa kijiweni. Nikaacha kubishana mpira. Kila siku nikirudi kazini najiuliza saa zangu nimezitumiaje. Kusema kweli yale mafundisho yalinisaidia, na sina ugomvi nayo. Wale wazee wa kale hawakunikosea kitu.

Mwaka wa pili wa mafundisho Deus akaniita pembeni. Akaniambia ana wazo la kitabu cha Kiswahili kuhusu matumizi ya muda, mifano ya hapahapa kwetu, na mtu wa kuandika naye ni mie. Tutakuwa wawili kwenye jalada, akasema. Jamani, nilijiona nimefika. Jina langu kwenye kitabu!

Hatukuandikiana popote. Yeye alikuwa ananitumia sauti kwenye simu, dakika kumi, dakika ishirini, maneno yamechanganyika. Mie nayapanga, nayanyoosha, naongeza ya kwangu. Naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka muda wa kwenda kazini. Jumamosi baada ya mafundisho tunabaki ukumbini, nasoma, yeye anatikisa kichwa, anasema hapa ongeza mfano. Miaka mitatu ikaenda hivyo. Sura kama nne ni zangu tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Sasa nije kwa baba yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa Songea, amejenga Goba kule juu kilimani na anaishi peke yake. Mama alifariki nikiwa na miaka miwili. Simkumbuki, na picha yake hatuna. Baba hakuoa tena. Kumzungumzia mama ilikuwa ngumu kwake, na mie nikakua bila kuuliza.

Mwaka uleule nilioanza kuandika na Deus, baba akaanza kupoteza macho. Presha ya macho, hospitali walisema. Akanipigia akaniomba jambo moja tu. Alitaka niwe naenda Goba kila Jumamosi na daftari, yeye aseme na mie niandike: walikotoka babu zetu, alivyoanza ualimu, alivyokutana na mama. Alisema yeye mkono na macho vimegoma, na mwenye kalamu kwenye familia ni mie.

Mnajua nilimjibu nini? Nilimpa mafundisho ya Deus.

"Baba, Jumamosi zangu zina kazi maalumu," nilimwambia. "Muda nikishaupoteza siupati tena."

Akasema, "Haya, mwalimu."

Mie si mwalimu. Mwalimu ni yeye.

Aliomba tena mara mbili, kisha akaacha. Nikawa nampigia tu, shikamoo baba, marahaba, unaendeleaje, niko salama, basi. Sikukuu nilikuwa naenda na watoto, tunakula, tunaondoka. Mwaka wa tatu wa kuandika kitabu nikaona anarudia maneno na majina ya watoto anayachanganya. Nikasema uzee.

Kitabu kikatoka. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, ukumbi uleule, umepambwa. Nilivaa shati jipya, mke wangu akavaa kitenge chake kizuri, tukakaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimeshajiandalia na maneno ya kusema nikiitwa.

Kitambaa kikafunuliwa. Jalada lina picha ya Deus, jina la Deus, basi. Nikafikiri labda langu liko ndani. Nikachukua nakala, nikafungua ukurasa wa shukrani. Kamshukuru Mungu, wazazi wake, mkewe, na chini kabisa kaandika: "na kijana wangu wa ofisini aliyenisaidia kuchapa."

Kuchapa! Hata jina hakuweka.

Mke wangu alisoma, akanishika mkono, akaniambia taratibu twende nyumbani. Nyuma yetu Deus alikuwa anasoma, na watu wanaupigia makofi mfano wa foleni ya benki, ambao niliutunga mie alfajiri moja mezani kwangu.

Jumatatu nilimfuata ofisini kwake. Nilitegemea ataona aibu hata kidogo. Wala. Alinikaribisha kiti, akaniambia mawazo yalikuwa yake na mie nilisaidia kuyaweka sawa, kama ninavyosaidia barua za ofisi. Nikamwambia kuna sura nne ambazo yeye hakunena hata neno. Nikamkumbusha tulivyokubaliana.

Akaniangalia kwa upole, ule upole wake wa ukumbini.

"Bwana mdogo, mie nilikufundisha mwenyewe," akasema. "Mtu akitaka saa zako, muulize anazitakia nini. Mie uliniuliza?"

Nilitoka pale, nikarudi mezani kwangu. Kuibiwa kunauma, lakini kuibiwa na mtu aliyekufundisha kufunga mlango, halafu akakucheka kwamba hukufunga, nashindwa hata kueleza. Naonana naye kila siku kazini hadi leo. Namsalimia.

Jumamosi iliyofuata nilinunua daftari kubwa, nikaenda Goba. Nilisema angalau hili bado lipo.

Nilimkuta baba kibarazani na Mama Nuru, jirani mwenye duka, mwanamke wa familia ya Kiarabu iliyokaa hapo miaka mingi. Nikaamkia. Baba akaitikia vizuri. Nikamwambia nimekuja kuandika. Akauliza kuandika nini.

Mama Nuru akaniita pembeni, mbele ya duka lake. Akaniambia mzee kumbukumbu zimekwenda, kuna siku anamjua mtu, kuna siku hapana. Akaingia dukani kwake akaniletea daftari. Kumbe baada ya mie kukataa, mzee alimwomba yeye. Kila siku akishaswali alasiri alikuwa anakaa naye nusu saa, mzee anasema, yeye anaandika. Mama Nuru ana duka, ana familia, na baba si ndugu yake.

Nikasoma palepale nimesimama. Babu wapo. Shule yake ya kwanza ipo, mpaka majina ya walimu wenzake. Halafu anafika siku aliyopelekwa nyumbani kwa wazazi wa mama kujitambulisha, na daftari linaishia hapo. Kurasa zilizobaki ni nyeupe.

Nikamuuliza Mama Nuru mbona hakuendelea.

"Nilimwambia tuendelee, mwanangu," akanijibu. "Akasema habari za mama yako atazisema ukiwepo wewe. Hakutaka nizisikie mie kabla yako."

Nililia, tena mbele ya watu wanaonunua sukari.

Nimejaribu. Nakwenda kila Jumamosi, nakaa naye, namtajia jina la mama. Mara moja alitabasamu, akasema huyo alikuwa anacheka sana. Nimeliandika hilo. Siku nyingi ananiuliza natoka wapi, nikisema Tabata ananiambia ni mbali, nisikae sana, na yeye anamsubiri kijana wake aje na daftari.

Deus kachukua miaka yangu mitatu, na sitamsamehe leo. Ila habari za mama hakuniibia yeye.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wako amekuomba siku na ukamwambia upo bize, nenda. Nenda wiki hii, na ukifika kaa. Usije ukanijibu mie hapa kwamba utaenda.