Grisi ya Korona kwenye Breki za Diski

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya shamba la mkonge huko Korogwe, sikugusa spana hata moja. Fundi Mkuu, mtu ambaye sauti yake ilisikika mpaka Tanga, alinikabidhi debe la grisi na kuniagiza niipake korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani ya mkonge. Nilipaka kutwa nzima. Jioni nikaenda kwenye masomo ya watu wazima nikinuka hata mwalimu akahamia dirishani. Ndiyo elimu yangu hiyo: mchana grisi, jioni hesabu za sehemu. Nilihitimu zote mbili.

Malori yetu yalikuwa na umri wa kumzidi babu yangu, na grisi ya korona tuliipaka kila palipo na msuguano. "Chuma ni chuma," alisema Fundi Mkuu. "Chote kinataka mafuta." Nikayashika maneno hayo.

Baadaye nilihamishiwa Handeni, karakana ya serikali, chini ya Msimamizi aliyevaa shati jeupe miaka yote bila doa. Huyo ndiye aliyenifundisha breki za diski, yaani sahani ya chuma inayozunguka na tairi, ikibanwa na pedi mbili zilizo ndani ya kalipa, kile kibanio cha chuma. Kalipa huteleza juu ya pini mbili zilizovikwa vimpira vya kuzuia vumbi. Alinieleza kuwa breki ikikataa kuachia, nifungue skrubu ya kutolea upepo. Tairi likilegea, mgandamizo umenaswa kwenye mpira wa breki au pampu. Lisipolegea, kuna kitu kimekwama kwenye chuma chenyewe. Grisi ya pini ilikuwa ya pakiti, ikitoka stoo, nami sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nikastaafu. Magoti yalikuwa yametangulia.

Kiangazi kilichopita shemeji yangu wa Bungu, kule juu mlimani, aliugua. Mke wangu, Mama Rehema, Msambaa wa huko huko, alitaka kumwona dada yake angali anamtambua. Nikabadilisha pedi na diski za mbele za gari letu uani kwangu Handeni, peke yangu. Pakiti za stoo sikuwa nazo. Nilikuwa na kopo la grisi ya korona, zawadi ya kuagwa shambani. Nikazipaka pini zikameremeta.

Tulipofika Korogwe, kabla ya kushika njia ya mlimani, gari lilikuwa zito kama limebeba shamba zima. Mama Rehema akasema anasikia harufu ya kuungua. Nikashuka, nikagusa diski kwa mgongo wa mkono, kama tulivyozoea mafundi wa zamani. Nikamwambia ni ya baridi.

Alishuka na chupa yake ya maji, akadondosha matone mawili. Diski ikalia chaaa, mvuke ukapanda.

Nikautazama mkono wangu. Ngozi ilikuwa imewiva.

"Tangu lini?" akauliza.

Nikamwambia tangu mwaka juzi. Vidole vilikufa ganzi kwanza, kisha mkono wote. Nilidhani ni uchovu tu.

"Mzigua wewe," akasema taratibu, "ulitaka kunitumbukiza kwenye bonde la kwetu."

Hakuwa akitania kabisa. Kwenye mteremko wa Bungu breki zilizochemka namna ile zinaishiwa nguvu zote, pedali inazama hadi sakafuni.

Tulingoja zipoe. Nikapiga jeki, nikafungua skrubu, tairi halikulegea. Nikachomoa pini. Vimpira vyake vilikuwa vimevimba kama maandazi, vimezikaba. Grisi ya korona ni ya chuma kwa chuma, mpira inaula. Nilinunua vimpira vipya na grisi yake halisi, nikasafisha, nikafunga. Mama Rehema ndiye aliyezungusha tairi, mimi nikasikiliza.

Dada yake alimtambua. Walikaa wameshikana mikono mpaka jua lilipoinama.

Vijana mnaoniuliza kustaafu kukoje, kunachosha kuliko kazi. Kazini unakosea mbele ya Msimamizi, anakuzuia. Nyumbani hakuna wa kukuzuia, unajiamini wewe na kopo lako.

Wakati wa kuteremka tulisimama mara nne. Kila mara mimi nilibaki kwenye usukani, yeye akashuka, akainama, akasogeza mkono wake kwenye rimu.

"Vuguvugu," alisema mara ya mwisho.

Nikaondoa gari.