Kisu cha Mkono wa Kulia

Nakumbuka siku moja Baba aliponiita nyumbani Manga, mwanangu, nikaupanda ule mlima mbio mbio kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Ilikuwa miaka ya sitini, chai ndiyo kwanza inashika katika mashamba ya watu wadogo kama sisi, na Baba alikuwa na kipande kimoja tu cha chai. Mimi Makori ndiye kifungua mimba wake. Nilijua ananiita anikabidhi.

Kumbe aliniita nimtengenezee mdogo wangu kisu.

"Bosire ndiye atakayesimamia chai," akasema. "Mwaka huu inapogolewa kwa mara ya kwanza. Wewe ni fundi. Mtengenezee ndugu yako kisu kizuri, kile cha kupinda, kiwe zawadi yako kwake."

Usinione mzee wa kanisa leo ukadhani nilizaliwa na moyo mweupe. Wivu ulinipanda. Niliitikia, "Sawa, Tata," maana ndivyo tunavyomwita baba kwetu, lakini uji alionipa Mama niliuacha. Bosire ndiye aliyeyachimba mashimo ya ile miche, na kiangazi kilipouma ndiye aliyepanda na maji kutoka mtoni, mimi nikiwa Magwagwa najifunza uhunzi kwa Mzee Ombasa. Haki ilikuwa yake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu hata mtu wa kumlaumu sikuwa naye. Wahenga walisema hasidi hana sababu, na siku hiyo walikuwa wakinisema mimi.

Nikarudi Magwagwa, nikachagua kipande cha springi ya lori, chuma kisichojua mzaha. Nilikitia motoni, nikakifua, nikakipinda taratibu mpaka kikainamisha kichwa vizuri. Mpini niliuchonga kwa mti wa mpera, nikausugua hadi ukateleza mkononi. Mzee Ombasa alikigeuza geuza akasema sasa naweza kuitwa mhunzi. Hakuniuliza ni cha nani, nami sikumwambia.

Sasa sikiliza ubaya wa mtu anayeijua kazi yake. Mjinga angetengeneza kisu kibovu, kikavunjika, na watu wakamcheka yeye fundi. Kisu cha kupogolea, mwanangu, tulikuwa tukikinoa upande mmoja tu. Upande wa pili tunauacha bapa, ulalie tawi. Cha mtu wa mkono wa kulia kina upande wake, na cha mtu wa kushoto kina wake. Ukimpa mtu kisicho chake, makali yanakataa kuingia, yanateleza, yanachana tawi badala ya kulikata. Bosire alikuwa wa mkono wa kushoto tangu akinyonya. Nami nikakinoa cha mkono wa kulia.

Nilimkabidhi mbele ya watu wote wa nyumbani. Mama alipiga vigelegele. Bosire alikipokea kwa mikono miwili, akakishika kama kitu cha kuvunjika, akaniambia, "Mbuya mono, kaka." Asante sana, ndiyo maana yake, na alikuwa na machozi. Nilimwambia si kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, nami ndiye niliyekuwa nguoni mwa Bosire, nikitabasamu.

Upogoaji ulipoanza, nilingoja siku nne, kisha nikapanda Manga kumwona akiaibika. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kusaidia. Mzee Ombasa, aliposikia kwamba kisu kilikuwa cha ndugu yangu, akasema tufuatane, akaone kisu cha mwanafunzi wake kikifanya kazi. Ningemkataza kwa maneno gani?

Tulimkuta Baba amesimama kando ya shamba, uso umekunjamana. Majirani waliokuja kusaidia walikuwa wameshamaliza mistari yao na kwenda. Bosire alikuwa bado kwenye mstari wa tatu, tena kwa mkono wa kulia! Mkono usiojua hata kushika kijiko. Alikuwa akilivuta kila tawi polepole, jasho likimtiririka, na kiganja kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu.

Baba aliponiona akasema, "Makori, nilikosea. Huyu hawezi. Chukua wewe shamba hili."

Mwanangu, nilikuwa nimekipata. Kile nilichokitaka kilikuwa kimewekwa mbele yangu, na sikuhitaji kufumbua mdomo.

Bosire akainuka. "Hapana, Tata. Kisu ni kizuri. Ubaya ni wangu mimi. Kaka alitaka nizoee mkono wa kulia kama watu wengine, ndiyo maana akakitengeneza hivi. Nipe wiki moja tu, nitazoea."

Alikuwa ameona upande ulionolewa. Alikuwa ameona siku ile ile ya kwanza, akatafuta sababu njema ya kuniwekea.

Mzee Ombasa akanyoosha mkono, akapewa kisu. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akautazama mkono wa kushoto wa Bosire, kisha akanigeukia.

"Makori, hukujua ndugu yako hutumia mkono gani?"

"Nilisahau, Mzee."

"Umesahau." Hakupaza sauti. "Mmekula ugali sahani moja tangu utoto, mkono wake na wako ikigongana kila jioni, nawe umesahau. Mimi nilikufundisha kufua chuma. Haya mengine umefundishwa na nani?"

Nikasema yote pale pale, katikati ya chai, mbele ya Baba: kwamba nilijua, kwamba nilikusudia, kwamba nilitaka shamba. Baba hakunipiga. Aliondoka akarudi nyumbani, na heri angenipiga. Shamba likabaki kwa Bosire.

Nilimfulia kisu kingine, cha mkono wake, akamaliza chai yote vizuri. Alinisamehe, na msamaha wake ulikuwa wa kweli. Watoto wangu walikula kwake kama kwao. Lakini tangu siku ile, kila nilichompa Bosire, kiwe panga, kiwe jembe, alikigeuza kwanza akakitazama pande zote mbili, halafu ndipo akashukuru. Sidhani kama alijua anafanya hivyo. Amezikwa sasa, na hakuwahi tena kupokea kitu kwangu kwa mikono miwili bila kuangalia. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekua mtu mzima ninaishi naye.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Wivu utakujia, usijidanganye kwamba wewe ni malaika. Ukija, useme kwa mdomo wako mapema: mwambie baba yako, mwambie hata huyo ndugu yako, "Jambo hili limeniuma." Mtagombana, mtanuniana, yataisha. Lakini usiutie katika kazi ya mikono yako ukampelekea mtu ukiuita zawadi. Ukishindwa kumpendea mwenzako mema, basi usimpe kitu, kaa na mikono mitupu mpaka moyo upoe.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako yote miwili, na ndugu zako wapokee kutoka kwako wakiwa wamefumba macho.