Kanda ya Stuart

Banda la Alec Thackray, nyuma ya nyumba yao pale Barnsley, lilijaa kompyuta za nyumbani zilizododa tangu siku zilipoingia madukani. Majirani waliliita makaburini, na Alec alicheka nao. Lakini roho yake ilikuwa kwa moja tu, Kestrel, ambayo kampuni yake ilifilisika watu hata hawajaizoea. Nyingine zote alizikusanya akiwa njiani kuitafuta hiyo, kwa kuzionea huruma.

Mwanawe Stuart alikuwa nayo. Kijana alipokufa kwa ajali ya pikipiki, Alec aliitupa jalalani, hataki kuiona. Wiki hiyo hiyo mkewe, Doreen, akakuta kanda kwenye koti la marehemu, imeandikwa: "Kwa Mama. Subiri Krismasi." Kompyuta za siku hizo zilisoma programu kutoka kanda za kaseti; hii ilikuwa programu aliyoiandika Stuart mwenyewe, na hakuna mashine ya kuisoma ila Kestrel. Doreen hakusema kitu. Bora angemtukana!

Wakazeeka hivyo. Kestrel ikaja kupatikana kwa mjane mmoja wa mji wa Hull, wakati Doreen analala sebuleni na saratani yake, na muuguzi ameshamwambia Alec ajiandae.

"Umeipata kweli?" Doreen aliuliza.

"Hii hapa, mpenzi. Ngoja nifuate mita ya umeme bandani niipime hii transfoma yake. Zikizeeka hizi zinatoa umeme wa kuua mashine."

"Mita ya nini tena? Dawa inanivuta, Alec. Nikilala sijui kama nitaamka. Washa, bwana!"

Jamani, huyu ndiye Alec aliyekuwa akifokea kila mgeni wa chama chao cha wakusanyaji: mita kwanza, swichi baadaye! Na transfoma nzima za kubadilisha alikuwa nazo tele huko bandani. Kwenda na kurudi, hata chai isingepoa. Akatazama macho ya mkewe yanavyolegea, akachomeka, akawasha.

Skrini ikawa bluu. Kanda ikaanza kulia. Likatokea neno moja, MAMA, na Doreen akanyanyua shingo. Kisha ikaja harufu ya kuungua, na skrini ikazimika.

"Imekufa?"

"Nimeiua. Mjinga mimi, nimeiua!" Alec alijipiga kifuani. "Mara ya pili hii, Doreen."

Doreen akaelekeza kidole kwenye redio ya kaseti mezani. "Iweke hiyo kanda kwenye redio."

"Utasikia makelele tu."

"Makelele ya mwanangu. Weka."

Ikalia ile sauti kali ya mluzi na mikwaruzo, ya kuumiza masikio. Doreen alisikiliza kama anasikiliza mtu.

"Anasema nini?"

Alec akamwinamia. "Anasema Krismasi njema, Mama."

"Muongo wewe," Doreen alisema. "Wewe ndiye uliyeitupa." Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza kulitamka. Akamshika mkono. "Irudishe mwanzo, nisikie tena."

Alec akairudisha. Kanda ikalia hadi mwisho, naye hakuthubutu kuizima, ingawa ule mkono ulikuwa umeshalegea ndani ya mkono wake.