Doa Nililolifuta Kimya Kimya

Ndugu wasomaji, kosa ni langu! Msimlaumu daktari wala mashine. Ni mikono yangu hii, na huu mdomo wangu ulionyamaza wakati wa kusema.

Mimi ni mpiga picha za eksirei katika hospitali moja huku Kilosa. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda mpirani. Nikapachika filamu kwenye kasha lake huku vidole vinachuruzika dawa ya kusafishia picha. Tumekatazwa! Ndani ya kasha mna ubao mweupe unaotoa mwanga mionzi ikiupiga, na mwanga huo ndio unaochora kifua kwenye filamu. Tone likikaukia pale, mwanga haupiti. Panabaki doa jeupe, na doa la namna hiyo daktari hulisoma kuwa kifua kikuu.

Wa kwanza kusimama mbele ya kasha lile akawa mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki. Alitoka kijiji chetu cha ujamaa kule Rudewa, anakohoa vumbi la kupukuchua mahindi.

"Mwanangu, umeona nini?" akaniuliza.

"Daktari atakwambia, mama."

Daktari akaona doa. Mama akalazwa, akawa anachomwa sindano kila asubuhi.

Wiki iliyofuata akaja dereva wa lori kutoka Mikumi. Doa lile lile, pale pale! Nikampiga picha tena kwa kasha jingine, kifua safi kabisa. Nikafungua lile la kwanza, nikaliona tone limekauka. Nikalifuta kwa pamba, na ile picha mbaya ya dereva nikaichana.

Hapo ndipo iliponipasa kusema, jamani! Lakini niliogopa kuitwa mhujumu na kufukuzwa kazi. Nikajidanganya kwamba sindano haimdhuru mtu asiyeumwa.

Mama akaanza kulalamika kuwa masikio yanavuma. "Vumilia, ndivyo dawa zilivyo," nikamwambia. Mimi! Alipopigwa picha nyingine, doa halipo. Daktari akafurahi kuwa dawa imefanya kazi, akaamuru amalizie sindano zilizobaki. Na mimi nikacheka nao, mshenzi mkubwa!

Sindano zile zilimuua masikio. Amerudi Rudewa kiziwi.

Juzi chakula kilinishinda, nikapanda baiskeli nikamfuata. Nilimkuta anapepeta mahindi, amenipa mgongo. "Shikamoo, mama!" Akaendelea kupepeta. Mwanamke aliyekuwa akinichapa nisipomwamkia! Nikazunguka mbele yake, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Akainamisha kichwa, akanishika bega.

"Paza sauti, baba."

Nikapaza. Nikapiga kelele, "Hukuwa na ugonjwa, mama! Nilijua, nikanyamaza!" Majirani wakaacha kutwanga, wakatoka kusimama milangoni. Kijiji kizima kikasikia, ila yeye. Akanipangusa machozi kwa upindo wa khanga yake.

"Nani amekufa, mwanangu?"

Na hao majirani, hakuna hata mmoja aliyenisogelea.

Ndugu yangu, ukikosea kazini, sema siku hiyo hiyo. Bora wakutukane, bora wakufukuze! Mimi nilinyamaza ili nisipoteze kazi, na kazi ninayo hadi leo. Kila asubuhi naingia kwenye kile chumba cha giza cha kusafishia picha, natamani nisitoke.